Asya na Ng'ombe Aliyesomeshwa Baiolojia

Nina sauti kubwa, na sikusudii kuiombea radhi. Marehemu mama alikuwa akisimulia kwamba siku niliyozaliwa nililia mpaka majirani wa nyumba ya tatu, pale Madungu, wakaja mbio kuuliza kafariki nani. Mwalimu mwenye darasa la watoto sitini na watatu, juu bati na juu ya bati mvua, akiwa na sauti ndogo bora akauze ubani. Miaka kumi na moja nimesomesha Baiolojia kwa sauti hii katika skuli ya upande wa Pujini, na waliofaulu wamefaulu.

Asya Haroub hakuwa miongoni mwao. Mwaka uliotangulia mambo haya alifanya mtihani wa kidato cha pili akaanguka, akarudishwa kwangu akae na watoto aliowazidi umri. Kwa anayerudia, maneno ni mafupi: akianguka tena, skuli basi, akatafute la kufanya. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mwembamba, mtandio wake mweupe umepauka kwa kufuliwa. Ukimuuliza swali alisimama kwa adabu, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Darasa likasubiri, mimi nikasubiri, halafu nikapiga ukelele, "Asya! Umemeza nini?" Watoto wakacheka, yeye akakaa. Mchezo ulikuwa huo huo kila siku ya Mungu.

Jaribio la kwanza la muhula alipata kumi na tisa katika mia. Lakini kazi za nyumbani alizileta safi, michoro imenyooka, maelezo yamekamilika, hata mimi nikiyasoma naelewa somo langu vizuri zaidi. Hapo nikajua kuna mtu anamwandikia, na mimi mtu akinidanganya damu hunipanda.

"Nani anakufanyia kazi hizi?" nilimuuliza mbele ya wenzake.

"Nafanya mwenyewe, mwalimu."

"Unasoma na nani?"

Akakunja ncha ya mtandio wake.

"Asya, nakuuliza, unasoma na nani?"

"Na Njoo-Uone."

Darasa zima likaangua kicheko, maana hakuna mtoto katika shehia asiyemjua Njoo-Uone. Ni ng'ombe. Ni dume la baba yake, Mzee Haroub, ng'ombe wa mchezo, jeusi lenye baka jeupe usoni. Niliona mtoto ananifanyia stihizai. Nikamtoa akasimame kwenye mlingoti wa bendera mpaka mapumziko. Leo nikikumbuka nasikia haya, lakini siku ile nilisikia raha.

Na alikuwa amesema kweli tupu. Mzee Haroub ana mabinti watano na hana mtoto wa kiume. Watu wakimpa pole, kana kwamba mabinti ni homa, huwajibu, "Ng'ombe haelemewi na nunduye," akaenda zake. Asya ndiye mkubwa. Akitoka skuli alikula, akaosha vyombo, akaenda mikarafuuni kumhamishia ng'ombe kigingi na kumtekea maji. Nyumbani kwao kuna wadogo wanne, cherehani ya mama yake na redio ambayo haijawahi kuzimwa tangu inunuliwe. Kule mikarafuuni kulikuwa na utulivu, na kulikuwa na msikilizaji. Asya alisimama mbele ya ng'ombe, daftari mkononi, akamsomesha. Kwanza alimsomea Kiingereza, kama masomo yenyewe yalivyo, halafu akamfafanulia kwa Kipemba. Nilipomuuliza baadaye kwa nini anajisumbua kumfafanulia, alinijibu kwamba kumsomea mtu Kiingereza kisha ukaenda zako ni kumdharau.

Nina walimu wenzangu watano ningependa walisikie hilo.

Basi Njoo-Uone akawa mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kuwa nao. Hakucheka, hakuchelewa, hakuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kila alasiri alipoisikia ile sauti alikunja miguu ya mbele, kisha ya nyuma, akalala chini akicheua, macho nusu yamefumba. Asya akazoea hivyo, naye ng'ombe akazoea hivyo, na hakuna aliyefikiri kwamba muhula una mwisho wake na ng'ombe ana kazi yake.

Kwa asiyejua: huku kwetu ng'ombe wa mchezo hauawi wala hachomwi mkuki. Hufungwa kamba ndefu, zumari likalia, ngoma zikapigwa, na vijana wakamwendea na vitambaa wakimchokoza. Akiwakimbiza mpaka wakaparamia miti, mwenye ng'ombe hutembea mwezi mzima kifua mbele. Asipowakimbiza, kuna wanawake wa upande wa pili, na wao kazi yao ni kuimba. Mwaka ule karafuu zilichumwa mapema na michezo ikaanza kabla ya msimu wake. Njoo-Uone alitolewa kucheza na kijiji jirani, na watu walikuja kutoka mbali, wengine wamevuka maji kutoka Kisiwa Panza, kwa sifa zake za mwaka wa nyuma.

Zumari likalia. Vijana wakaingia na vitambaa. Njoo-Uone akawatazama mmoja mmoja, akakunja miguu ya mbele, kisha ya nyuma, akalala katikati ya uwanja. Akaanza kucheua.

Kijana mmoja alimpitishia kitambaa puani mara saba. Ng'ombe akapiga chafya. Wanawake wa kule wakaanza, taratibu, na kanga zao begani:

*Mwenye ng'ombe mpe mto,*
*mgeni wenu kachoka,*
*mfunikeni na shuka,*
*asije pata kikohozi.*

Nasikia Mzee Haroub aliondoka uwanjani kabla ya ngoma kunyamaza, na siku tatu hakuonekana msikitini kwa kuwa alikuwa akisali nyumbani.

Kila ng'ombe wa mchezo ana fundi wake wa kumtayarisha, na fundi wa Njoo-Uone ni Mzee Kificho, mtu mfupi mwenye macho ya kushuku hata kikombe cha chai. Mzee Kificho alimweka ng'ombe kwenye banda la giza, akamlisha majani aliyoyajua yeye, akamzungusha nyumba mara tatu. Ng'ombe akawa mkali vizuri mpaka Asya alipokuja na maji na daftari. Fundi akasema hili ni fungo, uchawi wa kumfunga ng'ombe asicheze, kuna mtu amelipwa na wapinzani. Akajificha nyuma ya mkarafuu alasiri nzima apate kumwona mchawi kwa macho yake.

Alichokiona ni mtoto wa mwenye ng'ombe akimsomea ng'ombe maneno yasiyo ya Kiswahili wala ya Kiarabu, tena kutoka kwenye daftari lenye maandishi mekundu.

Niliitwa kwa sheha siku ya pili saa nne asubuhi, pamoja na mwalimu mkuu wetu, Maalim Hudhaifa. Daftari la Asya lilikuwa juu ya mkeka, limefungwa kwa kitambaa cheupe, na hakuna aliyekaa karibu nalo. Mzee Haroub alikuwapo, amejiinamia. Asya alikuwa pembeni na mama yake, analia bila ya sauti.

"Mwalimu Shadya," alisema sheha, "hini hati nyekundu ni yako?"

"Ni yangu, sheha."

"Zafarani, ya kuandikia kombe la uganga?"

"Kalamu. Nimeinunua Chake Chake."

"Ya kufanyia n'ni?"

"Kusahihishia makosa."

"Makosa ya nani?"

"Ya Asya."

Sheha akafikiri. "Sasa mbona aliyelala ni ng'ombe?"

Mzee Kificho hakungoja nijibu. "Mie nimesikia kwa masikio yangu hayano! Kamtajia majina mara tatu tatu. Osmosis, osmosis, osmosis! Ng'ombe kapiga magoti. Kisha kageuza kurasa kamwambia ya pili. Mie miaka arubaini nashika ng'ombe, yakhe, kombe la namna ino sijaliona."

Mara tatu tatu niliwafundisha mimi. Nilishawaambia darasani kwamba neno gumu husemwa mara tatu ndipo likae. Nikaanza kueleza kwa sauti yangu ya kawaida, na paka wa sheha akatoka nje.

Maalim Hudhaifa ni mtu wa taratibu, huogopa wizara kuliko anavyoogopa jini. Aliapa kwamba maneno yale yote yamo kwenye mtaala, kwamba hayajapata kumlaza mtu, kisha akanitazama na kuongeza, "isipokuwa kwa uvivu wake mwenyewe." Sheha akaamua kwamba maneno matupu hayavunji mfupa. Twendeni kwa ng'ombe, tujaribu somo moja moja, ijulikane lenye madhara ni lipi.

Kwa hiyo siku ya Alkhamis kamati ya skuli, sheha, fundi wa ng'ombe na walimu watatu tulisimama mikarafuuni kwenye matope. Maalim Hudhaifa alimsomea Njoo-Uone Hisabati, milinganyo. Ng'ombe akaendelea kula majani. Akamsomea Historia. Ng'ombe akakojoa. Watu wakasogea, maana sasa zamu ilikuwa ya Baiolojia, na nilihisi kama mzazi ambaye mwanawe ndiye anayeshukiwa. Maalim akasoma ukurasa mzima kuhusu mmeng'enyo wa chakula. Ng'ombe akamgeuzia makalio.

"Asome mtoto," alisema sheha.

Asya akapewa daftari. Mbele ya watu wote wale alimkabili ng'ombe, si sisi, akasoma mistari miwili. Ng'ombe akakunja miguu ya mbele, kisha ya nyuma.

"Basi si somo," alisema Maalim Hudhaifa, akajifuta jasho. "Ni mtoto. Alhamdulillahi, wizara imesalimika."

Ningenyamaza hapo, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa nimeliona jambo moja lililonikera. Mtoto alikuwa anasoma vizuri! Alikuwa anatamka maneno ambayo darasani yalimkwama miaka miwili. Nikasogea. "Asya, ukurasa huo huo, bila ya kutazama daftari: chakula kikitoka mdomoni kinapita wapi?"

Aligeuka akaniona. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Nami nikajisahau. "Asya! Umemeza nini?"

Sikuona ng'ombe alivyonyanyuka. Nilisikia kigingi kikichomoka kwenye udongo, na nilichokiona baada ya hapo ni mkarafuu kwa karibu sana. Nina miaka arubaini na miwili na nilikuwa nimevaa buibui. Matawi ya mkarafuu huvunjika kwa kutazamwa tu, kila mtu wa Pemba anajua, lakini siku ile Mwenyezi Mungu aliyashika. Kamati ilitawanyika. Maalim Hudhaifa alipatikana baadaye ng'ambo ya mto. Njoo-Uone alikuwa chini ya mti wangu, akichimba udongo kwa kwato na kupumua kama mashine ya kusaga, na Mzee Haroub, mtu ambaye hakucheka tangu siku ya uwanjani, alikuwa akiruka na kupiga makofi.

"Mwalimu! Mwambie tena! Mfokee tena, mwalimu, Allah akuweke!"

Kutoka kule juu nilimwona Asya. Alikuwa amemshika ng'ombe pembe, anamwambia kitu taratibu, na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nilidhani anamwogopa ng'ombe. Lakini hakuwa akimtazama ng'ombe. Alikuwa akinitazama mimi.

Jambo hilo lilinichoma, lakini nilikuwa juu ya mti, na mtu aliye juu ya mti hana nafasi ya kutubu.

Kuanzia siku ile Mzee Haroub alikuwa na mpango. Mchezo wa marudio ulipangwa Jumamosi, na mtihani wa taifa ulianza Jumatatu yake. Alimkataza Asya kumsomea ng'ombe hata herufi moja mpaka marudio yapite, ili hasira imrudi. Wakati huo watoto wa mtihani walikuwa wameshaingia dago, yaani wamehamia skuli na mikeka yao, wanalala madarasani na kusoma pamoja, na wazazi wanaleta vyungu vya wali kwa zamu. Kule dagoni Asya alikaa na daftari mapajani kama mtu aliyefiwa. Jaribio la mwisho kabla ya mtihani alipata ishirini na mbili. Alipata ishirini na mbili, na mimi sasa nilijua kwamba kichwani mwake zimo tisini.

Nilikwenda kwao Jumatano. Nilipiga hodi, nikakaribishwa, nikapewa chai na mkate wa kumimina.

"Mzee Haroub," nilisema, na nilijitahidi kusema taratibu, "mruhusu mtoto asome na ng'ombe. Siku zimebaki nne. Akianguka safari hii hana skuli tena."

"Nami nikianguka safari hino sina uso tena," alinijibu. "Weye mwalimu hujaimbiwa. Mie nimeimbiwa. Mke wangu akenda sokoni waulizwa kama ng'ombe kaamka." Akanywa chai, akaweka kikombe. "Nkwambie shauri. Jumamosi uje uwanjani. Umfokee Asya mbele ya ng'ombe, vile vile ufanyavyo darasani. Ng'ombe akicheza, Jumapili kutwa namwacha Asya asome naye mpaka adhana ya magharibi. Usipokubali, basi mie namtoa dagoni leo hino aje amlishe pilipili na amtembeze, kwa kuwa sina mtoto mwengine mkubwa wa kunsaidia."

Nilimwambia kwamba mimi ni mwalimu mwenye shahada, siwezi kwenda uwanjani kumfokea mtoto kwa ajili ya burudani. Akaniuliza kwa upole, "Na darasani wamfokea kwa ajili ya n'ni?"

Nikamaliza chai yangu. Jumamosi nilikwenda.

Uwanja ulijaa kuliko mara ya kwanza, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba Pujini wameleta ng'ombe na mwalimu wake. Wenyeji walikuwa na kipaza sauti. Wakanijaribia, nikasema "Assalaam alaykum" mara moja, wakakizima wakakiweka mbali. Nilisimamishwa nyuma ya uzio wa minazi iliyolazwa. Asya alisimamishwa hatua kumi mbele yangu, ili ng'ombe atuone wote wawili. Zumari likalia, vijana wakaingia, na Njoo-Uone, mbele ya macho ya watu, akaanza kukunja miguu ya mbele. Wanawake wa kule wakanyanyua kanga.

Mzee Haroub akanitazama, akainua mkono kama refa.

"Asya!" nilisema. "Simama vizuri! Ng'ombe ana vyumba vingapi vya tumbo?"

Ng'ombe akasimama.

"Nakuuliza! Umemeza nini?"

Siwezi kuwaeleza yote, kwa sababu vumbi lilikuwa jingi. Vijana wanne walipanda mnazi mmoja. Mpiga zumari alikimbia huku bado anapuliza, tukawa tunalisikia zumari likienda mbali. Wimbo wa wanawake ulikatikia katikati, na wenyewe wakaruka uzio wakaingia upande wetu, wakashikana na wanawake wetu kama ndugu. Pujini wakapiga vigelegele. Mzee Kificho alilia machozi. Mzee Haroub alikuwa anacheza peke yake katikati ya watu, mikono juu, na kila akizunguka ananipigia kelele, "Tena, mwalimu! Tena!"

Nikavuta pumzi ya tatu. Na hapo nikamwona Asya akifungua mdomo, kama anavyofungua siku zote. Nilijua kwamba hakitatoka kitu.

"Vinne," alisema.

Halikuwa neno la nguvu. Lakini Njoo-Uone, ambaye alikuwa amemfikisha kijana mmoja kwenye uzio, alisimama akageuza sikio.

Watu wetu waliliona hilo kabla yangu. "Mnyamazisheni!" walipiga kelele. "Haroub, mnyamazishe mwanao, atamlaza!" Mzee Haroub aliacha kucheza akamkimbilia Asya, mkono mbele, kiganja wazi, aje amzibe mdomo. Alimfikia. Mkono ulikuwa hivi, inchi tatu na mdomo wa mtoto.

Asya hakurudi nyuma. Alisema, "Baba, hini naijua."

Sijui Mzee Haroub aliona nini usoni mwa mwanawe. Alisimama na ule mkono hewani. Aliwatazama watu wa Pujini wanaompungia mikono, akamtazama ng'ombe wake, mzuri, mweusi, anayetisha, aliye katikati ya uwanja mtupu alioushinda. Kisha akauteremsha mkono.

"Basi mjibu mwalimu, mwanangu," alisema. "Jibu yote, asije akasema hujui."

Na Asya akajibu yote. Alisema rumen, reticulum, omasum, abomasum, mara tatu tatu, kwa Kiingereza kisha kwa Kipemba, na kila chumba akakieleza kazi yake. Ng'ombe akakunja miguu ya mbele. Akakunja ya nyuma. "Na hivi mumuonavyo," alisema Asya, sasa sauti yake inafika mpaka kwenye mnazi wenye vijana, "alichokila asubuhi hakijamalizika. Kakitoa chumba cha kwanza, kakirejesha mdomoni, yuakitafuna tena." Uwanja mzima ukamtazama ng'ombe mdomo. Ng'ombe akatafuna. Mzee mmoja wa upande wa pili, aliyefuga ng'ombe tangu utoto wake, alisema, "Lo! Kumbe!"

Kama tulishinda au tulishindwa, mpaka leo yanabishaniwa barazani. Wanawake wa kule walirudi upande wao na kutunga wimbo mpya wenye beti sita, na mimi nimo katika beti nne. Mzee Haroub alimfungua ng'ombe wake mwenyewe, akamwamsha kwa kumbembeleza, wakaondoka watatu. Jumapili, kutwa, Asya alisoma mikarafuuni mpaka adhana. Ahadi aliitimiza yule mzee, ingawa mimi kwa hesabu yangu ng'ombe alicheza dakika nne tu.

Asya alifaulu. Nalisema hapa ili msikae roho juu. Baiolojia alipata B, na sasa yuko kidato cha tatu, darasa la mwalimu mwengine. Lakini usingizi wangu hauibiwi na matokeo, unaibiwa na asubuhi ile ya Jumatatu.

Nilikuwa langoni, maana karatasi ya kwanza ilikuwa Baiolojia, na mwalimu wa somo haruhusiwi kukaribia chumba cha mtihani. Askari alikuwapo, na msimamizi kutoka mjini, ambaye alikwishapata habari na aliuliza mara mbili kama ng'ombe yuko eneo la skuli. Watoto walijipanga. Asya alitoka kwenye mstari akaja kwangu, kalamu mbili na rula mkononi.

"Shikamoo, mwalimu. Niulize suala."

Nilikuwa nimeapa tangu Jumamosi. Nikainama, nikasema kwa sauti ndogo kabisa niliyonayo, "Asya mwanangu, hebu nitajie sehemu za ua."

"Si hivyo," alisema. "Niulize kama darasani."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu Njoo-Uone hatoingia mle ndani. Nikisoma suala, sauti nitakayoisikia ni yako."

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini mtoto aliomba, na muda ulikuwa unakwenda, basi nikamuuliza. Nilimfokea kwa sauti yote Mungu aliyonipa, mpaka kunguru wakaruka kwenye paa la skuli. "Asya! Sehemu za ua!"

Rula ilimwanguka. Akaiokota, akanitazama machoni, akanijibu kwa sauti kubwa kama yangu, sehemu moja baada ya nyengine, hakukosa hata moja. Askari akaja mbio kutunyamazisha sote wawili.

"Zote hizo ulikuwa unazijua?" nilimuuliza.

"Tangu mwaka jana, mwalimu. Nilikuwa nakuogopa."

Alilisema bila ya hasira, kama anavyomfafanulia mtu asiyejua lugha. Nilimshika mkono, nikamwambia, "Asya, nisamehe."

"Mwalimu, kengele imelia," alisema, akauchomoa mkono wake taratibu, akaingia ndani.